BENKI KUU NA MWANANCHI WA KILOSA: FEDHA IKIFUNGULIWA HUMFIKIA NANI?

Kila mara uchumi wa nchi unapodorora husikika tangazo lile lile: Benki Kuu imelegeza fedha. Husomwa redioni na kuchapwa magazetini, na wakubwa hupongezana. Kesho yake mwananchi huenda sokoni akakuta bei ni ile ile, deni ni lile lile, na mnunuzi hayupo. Hapo ndipo wengi husema kwamba hayo ni maneno ya wakubwa tu, hayana maana kwa mnyonge.

Sisi hatusemi hivyo, kwani si haki kusema hivyo. Benki Kuu ina uwezo wa kweli, na uwezo huo umeonekana kwa macho. Tulisemalo ni hili: fedha iliyofunguliwa juu haimnyeshei kila mtu kama mvua. Hupita katika mifereji, na shamba lisilo na mfereji hubaki kavu hata chemchemi ikijaa. Kwa hiyo swali la kuiuliza serikali si moja tu, kwamba je, mmefungua? Ni mawili, na la pili ndilo zito: je, imemfikia nani?

KWA NINI KILOSA NA MIKUMI

Huenda msomaji wetu wa Unguja au Pemba akauliza: sisi tuna yapi na Kilosa? Jawabu ni kwamba shilingi ni moja. Mambo ya sarafu, mabenki na fedha za kigeni yalitiwa katika orodha ya Mambo ya Muungano mwaka 1965, na Benki Kuu ya Tanzania ikafungua milango yake tarehe 14 Juni 1966. Tangu siku hiyo visiwa hivi havina mkono wao wenyewe wa kulegeza wala kukaza fedha. Ikilegezwa, hulegezwa kwa wote. Ikikazwa, hukazwa kwa wote. Basi anayetaka kujua namna nafuu ya fedha inavyosafiri, na wapi inakwama, atazame mahali mbali na makao makuu ya benki, mahali panapofanana na petu.

Kilosa ni wilaya ya mkoa wa Morogoro. Reli ya kati imepita humo tangu zama za Wadachi, na tangu 2024 yapita reli mpya ya umeme iendayo Dodoma. Hapo palikuwa na mashamba makubwa ya mkonge, hasa upande wa Kimamba, na leo ni nchi ya mahindi, mpunga, ufuta na miwa. Mikumi ni mji mdogo wa wilaya hiyo hiyo, kadiri ya kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, juu ya njia kuu ya Iringa, Mbeya na Zambia. Ubavuni mwake ipo mbuga ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, na barabara ile kuu yaikata mbuga kwa kadiri ya kilomita 50. Watu wa Mikumi huishi kwa mgeni wa mbuga na kwa dereva wa lori alalaye njiani. Watu wa Nungwi na Paje huishi kwa mgeni wa pwani. Mgeni akikatika, hao wote hulia kilio kimoja.

MWAKA 2020

Mwaka huo mgeni alikatika. Mwezi wa Aprili ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa, zikaruhusiwa tena tarehe 18 Mei. Mwezi huo huo wa Mei Zambia iliufunga kwa muda mpaka wa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, na njia ile ya malori ndiyo hiyo ipitayo Mikumi. Watalii walioingia Tanzania walikuwa 1,527,230 mwaka 2019. Mwaka 2020 wakawa 620,867. Visiwani kwetu walitoka 538,264 wakafika 260,644. Uchumi wa nchi, ambao mwaka 2019 ulikua kwa asilimia 7, ulikua kwa asilimia 4.8 tu.

Tarakimu hizo zasomeka upesi, lakini tumfikirie mwenye nyumba ya wageni pale Mikumi. Vyumba vitupu, mfuaji wa mashuka hana kazi, muuza nyama hauzi, mwenye duka aliyewakopesha hao wote unga na mafuta hana cha kumpelekea mfanyabiashara wa jumla aliye Morogoro. Sisi wenye maduka twalijua hili bila ya kusomeshwa: deni ni mnyororo, na pete moja ikikatika wote hushikwa. Mdororo wa uchumi si kwamba mali imetoweka duniani. Unga upo ghalani, mikono ya kazi ipo, kitanda kipo. Kilichosimama ni mzunguko, kwa kuwa kila mtu anamngoja mwenziwe alipe kwanza.

Na kazi ya Benki Kuu wakati kama huo ni kuurudisha mzunguko.

NINI HASA HUFANYWA NA BENKI KUU

Benki Kuu haimkopeshi mkulima wala mwenye duka. Wateja wake ni mabenki na serikali. Vyombo ilivyo navyo ni vichache, na mwezi wa Mei 2020 ilivitumia karibu vyote kwa pamoja. Tuvieleze kwa lugha nyepesi.

Cha kwanza ni amana ya lazima. Kila benki hutakiwa iweke Benki Kuu sehemu ya fedha za wateja wake. Sehemu hiyo ilikuwa asilimia 7, ikapunguzwa ikawa 6. Maana yake ni kwamba katika kila shilingi 100 tulizoweka sisi, benki iliyokuwa na shilingi 93 za kukopesha sasa ina 94. Shilingi moja yaonekana ndogo, lakini ukiihesabu katika amana za nchi nzima ni mabilioni mengi.

Cha pili ni riba ambayo benki hutozwa ikienda kukopa Benki Kuu. Ilikuwa asilimia 7, ikashushwa hadi 5.

Cha tatu ni thamani ya rehani. Benki ikikopa huweka rehani hati za deni la serikali, nayo Benki Kuu haiikopeshi thamani yote, hukata. Katika hati fungani za muda mrefu ilikuwa ikikata asilimia 40, ikapunguza hadi 20. Basi benki iliyopeleka hati ya shilingi 100 na kupewa 60, sasa ilipewa 80.

Cha nne, mabenki yaliruhusiwa kuwapangia upya wadeni wao muda wa kulipa, bila ya deni hilo kuhesabiwa kuwa limeharibika.

Na cha tano, ambacho magazeti yalikitaja mwisho kama nyongeza, ni simu. Mtu aliyeruhusiwa kufanya miamala ya shilingi 3,000,000 kwa siku kwa simu yake aliruhusiwa 5,000,000, na kiasi cha kubaki nacho katika simu kikapandishwa kutoka 5,000,000 hadi 10,000,000.

Mwezi wa Julai 2021 zikaja hatua nyingine. Benki Kuu ilitenga shilingi trilioni moja za kuyakopesha mabenki kwa riba ya asilimia 3, kwa sharti kwamba nayo yawakopeshe watu kwa riba isiyozidi 10. Benki itakayokikopesha kilimo kwa riba hiyo iliahidiwa kupunguziwa amana ya lazima. Na yule atakaye kuwa wakala wa benki aliondolewa sharti la kuwa amefanya biashara kwa miezi 18. Kitambulisho cha taifa kikatosha.

KABLA YA KUWA NA BENKI KUU

Asiyethamini uwezo huu na akumbuke tulikotoka. Wazee wetu waliijua rupia ya Zanzibar, iliyotumika hadi mwaka 1936 ilipochukuliwa nafasi yake na shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Bodi hiyo iliundwa mwaka 1919, na makao yake yalikuwa London mpaka 1960 yalipohamishiwa Nairobi. Katika miaka ile ya 30 Bodi haikuwa benki: ilikuwa ni kaunta ya kubadilishia. Noti ilitoka kwa kuwa paundi imeingia, na paundi ikiondoka noti ilirudi.

Basi ulipokuja msukosuko wa dunia ulioanza 1929, bei ya mkonge wa Kimamba ikaanguka, na bei ya karafuu yetu ikaanguka, paundi zikapungua, na fedha mikononi mwa watu ikapungua pamoja nazo. Wakati mgonjwa alipohitaji maji ndipo mtungi ulipozidi kukauka, wala hapakuwa na mtu hapa kwetu mwenye amri ya kuufungua. Kuwa na Benki Kuu ni kuwa na amri hiyo. Ni neema, na anayeipinga neema hiyo hajui shida ya kuikosa.

Lakini amri hiyo ina upande wa pili. Katika miaka ya 80 bei za vitu Tanzania zilipanda kwa kadiri ya asilimia 30 kila mwaka, na aliyeweka akiba ya noti aliiona ikiyeyuka mkononi. Noti zilikuwa nyingi na bidhaa chache. Kwa hiyo hatumwombi Gavana afungue bomba na kulala. Tangu Januari 2024 Benki Kuu hutangaza riba yake mara nne kwa mwaka: ilianza na asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 mwezi wa Aprili mwaka huo, na mwezi wa Julai 2025 ikateremshwa hadi 5.75. Kukaza na kulegeza kwa hatua ndogo namna hiyo, huku bei zikipanda kwa kadiri ya asilimia 3 tu kwa mwaka, ni kazi ya uangalifu, na sisi wapinzani hatuoni haya kuisifu.

PALE MFEREJI UNAPOKATIKA

Sasa tuje kwenye shina la maneno yetu. Je, shilingi iliyofunguliwa Dar es Salaam ilifika Kilosa?

Kwa hesabu ya nchi nzima, ilifanya kazi, ingawa ilichelewa. Mikopo kwa watu na makampuni binafsi, iliyokuwa ikienda kwa kusuasua mwaka 2020, iliongezeka kwa zaidi ya asilimia 20 katika mwaka 2022. Watalii walirudi: mwaka 2023 walikuwa 1,808,205, zaidi ya wale wa 2019. Lakini tutazame jambo moja. Benki Kuu iliteremsha riba yake kwa mabenki kwa asilimia 2 kamili, ilhali wastani wa riba wanayotozwa wakopaji ulibaki kwenye 16 na ushei katika mwaka 2020 na katika mwaka 2021. Nafuu iliingia mlangoni kwa benki, ikakaa barazani.

Sababu zake si siri. Mwenye benki hutazama faida na hatari. Mbele yake wapo wakopaji wawili: mkulima wa mpunga wa Kilosa na Serikali. Mkulima hutegemea mvua, na mto Mkondoa nao una mambo yake. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliivunja hata reli. Serikali hailali njaa, hulipa kwa tarehe, na hati yake hukubaliwa kuwa rehani Benki Kuu. Na Benki Kuu ikipunguza makato ya rehani ya hati hizo, hati huzidi kupendeza. Basi benki yaweza kuichukua nafuu iliyokusudiwa wananchi na kumkopesha nayo mkubwa yule yule. Hapa ndipo tunapoilaumu serikali, wala si Benki Kuu peke yake. Haiwezekani mkono mmoja ufungue kisima kwa jina la maskini na mkono wa pili ujaze mapipa yake kwanza.

Tuzipime hatua zile kwa kipimo cha Kilosa. Kupangiwa upya muda wa deni ni nafuu kubwa kwa mwenye nyumba ya wageni aliyekopa benki. Kwa muuza nyama aliyekopa kwa jamaa yake si kitu, kwani deni lake halimo katika daftari la benki yoyote. Kushushwa riba ni nafuu kwa yule ambaye benki imekubali kumkopesha; ambaye hakukubaliwa, riba ya 16 na riba ya 10 kwake ni sawasawa. Tofauti kwa aliyekubaliwa si ndogo: katika mkopo wa shilingi 1,000,000 kwa mwaka mmoja, 16 ni shilingi 160,000 na 10 ni shilingi 100,000. Shilingi 60,000 ni mbegu. Lakini kwanza aingie mlangoni.

Na wilaya ile ile yatuonyesha mlango unavyofunguka. Mkulima wa miwa wa Ruhembe au Kidodi humwuzia mnunuzi anayejulikana, kiwanda cha sukari, malipo yake yana karatasi, na benki yaweza kuona shilingi itakayoingia kabla haijaingia. Jirani yake wa mahindi huuza kwa mnunuzi wa njiani, kwa noti, na shamba lake aghlabu halina hati. Wote wawili ni waaminifu, wote wawili wanalima, lakini mmoja anaonekana na mwingine haonekani. Tena mkulima wa mahindi huhitaji fedha kabla ya mvua na huvuna miezi mingi baadaye. Mkopo wa kulipwa kila mwezi kwake ni kama kumdai ng'ombe maziwa kabla hajazaa.

Halafu wako wale ambao hawaikaribii riba kwa sababu ya dini yao. Hao ni wengi hapa visiwani, na bara hawakosekani. Kwao kutoka 16 kufika 10 hakubadilishi hukumu. Benki ya kwanza nchini iliyosimama yote juu ya misingi isiyo ya riba, Amana Bank, ilifunguliwa mwaka 2011, na baadhi ya mabenki mengine yana madirisha ya namna hiyo. Njia ipo, basi. Lakini nafuu iliyopimwa kwa riba peke yake huwapita hao mbali.

Sasa mtazame msomaji ile hatua ya tano, iliyotajwa mwisho. Simu ya mwenye duka wa Mikumi haikuhitaji hati ya shamba, wala meneja wa benki, wala safari ya Morogoro. Kima kilipopandishwa, kilipanda kwake sawasawa na kwa tajiri wa Kariakoo. Aliweza kumlipa mfanyabiashara wa jumla kwa siku moja malipo aliyokuwa akiyagawa kwa siku mbili. Na sharti la miezi 18 lilipoondolewa, duka lolote lenye mtu mwaminifu liliweza kuomba uwakala, na benki ikasogea mpaka penye watu. Hizo ndizo hatua zilizokuwa na mfereji wake tayari. Hazikuzungumzwa sana kwa sababu hazina tarakimu kubwa ya kutangaza.

TUNAYOYADAI

Aliye juu mngoje chini, wamesema wahenga. Lakini fedha ukiingoja chini bila ya kuichimbia njia, utangoja mpaka ukauke. Msukosuko mwingine utakuja, kwani dunia haiishi misukosuko. Kabla haujaja, twataka haya yajulikane kuwa ndiyo madai yetu.

Kwanza, hatua zimfikiazo mtu moja kwa moja, za simu na uwakala, zitangulie, wala zisiwe nyongeza ya mwisho.

Pili, kila fedha maalumu itakayotolewa kama ile trilioni moja isomewe hesabu yake hadharani, wilaya kwa wilaya, na kwa Unguja na Pemba mbali mbali: wangapi wamekopeshwa, kwa kazi gani. Kilosa iwe na mstari wake, na Micheweni iwe na mstari wake.

Tatu, hati ya kimila ya ardhi, inayotambuliwa na sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999, na stakabadhi ya mazao yaliyowekwa ghalani, zihesabiwe kuwa rehani ya kweli mbele ya mabenki, si karatasi ya kutundikwa ukutani. Na muda wa mkopo wa kilimo ufuate mavuno, usifuate kalenda ya benki.

Nne, sehemu ya fedha za nafuu ipitie njia za kuuziana kwa faida inayojulikana na za ushirika wa mtaji na kazi, ili asiyekula riba asiachwe nje ya nafuu ya nchi yake.

Tano, wakati Benki Kuu inapolegeza ili wananchi wainuke, Hazina ijizuie kukopa ndani kwa pupa. Mwenye nguvu anywe mwisho.

Ndugu wanachama, mambo haya yasemwe barazani na kwenye matawi kwa hesabu zilizo sahihi, bila ya matusi na bila ya chuku. Asitokee mwenzetu akasema Benki Kuu haikufanya kitu, kwani ilifanya. Wala asitokee mwenye kutudanganya kwamba kufungua ni kufikisha. Siku tangazo litakaporudi redioni kwamba fedha imelegezwa, kila tawi liulize kwa sauti moja: imefika Kilosa? Imefika Mikumi? Imefika kwetu?